Ukuta Mama wa Mbwega

Siku Siwema alipozimia, nilikuwa ofisini nagombana na mtu wa wilaya. Sura yake ilikuwa imejaa kwenye miwani yangu ya simu, ananiambia kwa upole kabisa kwamba mabanda ya plastiki waliyotuletea yawe madarasa ya watoto waliohamishwa kutoka pwani yamepimwa na wataalamu, hayana shida. Nikamwambia, "Mwanangu, njoo na hiyo suti yako ukae humo nusu saa, halafu tupime wote." Hapo nikasikia kelele uwanjani.

"Mwalimu Mkuu! Mwalimu Mkuu! Mtoto wa pwani kaanguka!"

Nikaivua miwani nikaitupa mezani, yule bwana akabaki anaongea na dari. Mimi ni Sechelela Mazoya, nina miaka hamsini na minne, na magoti yangu yalishanikataza kukimbia siku nyingi. Siku hiyo sikuyauliza. Nilimkuta mtoto amelala chali mlangoni pa banda, midomo imekauka, na joto la ndani ya lile plastiki lilinipiga usoni hata kabla sijainama. Nje kulikuwa na joto la arobaini na tatu. Mle ndani sitaki hata kusema.

Nikambeba mwenyewe mpaka Darasa la Pili, kwenye jengo letu la zamani. Ukivuka kizingiti cha Darasa la Pili unaweza kudhani umeingia kisimani. Kuta ni nene, za udongo wenye michirizi, na hewa inapita chini karibu na miguu ikipanda taratibu kwenye matundu ya juu. Hakuna feni, hakuna umeme, hakuna kitu kinachonguruma. Nikamlaza sakafuni, watoto wangu wa darasa la pili wakamzunguka wakimpepea kwa madaftari ingawa hapakuwa na haja.

Baada ya muda Siwema akafumbua macho. Akatazama juu, akatazama ukuta.

"Hapa ni hospitali?"

"Ni darasani, mwanangu."

"Mbona pana baridi?"

Darasa hilo lilikuwa mita chache tu kutoka kwenye banda lake, na tangu afike Mbwega alikuwa hajawahi kulikanyaga, kwa sababu limejaa watoto wetu mpaka dirishani.

Mama yake, Somoe, alifika mbio, kanga imemtoka begani. Alikuja na Nyanjige, mhandisi wetu kutoka chuo kikuu, binti wa Kisukuma mrefu anayetembea na kipimajoto shingoni utadhani kidani. Kazi ya Nyanjige ni majengo hai. Jengo letu ndilo kongwe kuliko yote ya aina hiyo ambalo bado linaishi, na yeye hulipenda kupita kiasi. Nimewahi kumkuta anaubusu ukuta wa stoo.

Somoe alimshika mwanawe, akamgeuza huku na huku, kisha akauwekea ukuta kiganja.

"Jamani, umelowa. Unapumua huu?"

"Unapumua, dada," Nyanjige akasema, macho yanang'aa. "Ndani yake kuna viumbe wa aina mbili. Kuna uyoga, nyuzi zake nyembamba kuliko unywele, ndizo zinazovuta udongo na kuupandisha kama mchwa wanavyojenga kichuguu. Halafu kuna bakteria. Hao wanakula mkojo wanatoa chokaa, chokaa ndiyo inafanya udongo kuwa jiwe."

"Wanakula nini?"

"Mkojo. Choo cha wavulana kina bomba linakuja moja kwa moja hadi kwenye msingi."

Somoe akautoa mkono wake ukutani taratibu, akaupangusia kwenye kanga. "Yaani mwanangu mmemlaza kwenye mkojo."

"Mkojo ulioshaliwa," nikamwambia. "Miaka hamsini na mitano watoto wa Mbwega wanakojolea shule yao wenyewe, na ndiyo hii unaiona imesimama."

Akacheka bila kutaka. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kitu ambacho nilikuwa nakikimbia kwa majuma mengi. "Sasa mwalimu, kama jengo linaota lenyewe, mbona hamuoteshi vyumba vya watoto wetu?"

Nyanjige akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

*

Vyumba havioti hivi hivi. Vinahitaji chachu.

Mbwega ilipoanza ilikuwa vichaka na vichuguu tu, huku nje ya jiji, na watu walionunua viwanja vya bei poa baada ya kuchoka na kodi za Dodoma mjini. Shule hakuna. Saruji ilikuwa imeshapigwa marufuku kwa majengo madogo kwa ajili ya moshi wa viwanda vyake, na zamu yetu ya kupata vibali haikuwa ikifika. Ndipo wakaja watu wa chuo na ndoo moja ya chachu, hao uyoga na bakteria, wakasema tujaribu. Wazazi wakaitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Kila familia ilileta debe la udongo wa kule ilikotoka: mwekundu wa Kondoa, mweupe wa Bahi, mweusi wa mbugani. Wakaumwaga kwa zamu, debe juu ya debe, wakaukanyaga, wakajenga ukuta mmoja tu katikati ya uwanja. Ukuta bila chumba. Walitaka kuona kama utapita masika moja bila kuyeyuka.

Ukapita. Ndio ukuta mama. Chachu ya vyumba vyote vya shule ilikwanguliwa kutoka kwake, kijiko hiki na kijiko kile, miaka nenda rudi. Wenyewe bado umesimama pale uwanjani, mnene, mrefu kuliko basi, una mistari ya rangi kama keki, na kila familia ya Mbwega inaujua mstari wake. Mtoto akizaliwa anapelekwa kuugusa. Ukibishana na mtu mtaani kuhusu nani mwenyeji, mnakwenda ukutani mnamalizana huko huko.

Mstari wa chini kabisa, ule mwekundu, ni wa baba yangu, Yaredi Mazoya. Alikuwa fundi. Debe lake lilikuwa la kwanza. Mwaka uliofuata, mimi nikiwa mchanga mgongoni kwa mama, alikwenda kuvusha ng'ombe na mafuriko yakamchukua. Hakupatikana. Hana kaburi. Mama yangu, Bi Mbeleje, kila Ijumaa asubuhi anakuja shuleni na fimbo yake, anainama kwa taabu, anaweka kiganja kwenye ule mstari mwekundu, anamwambia mumewe habari za wiki nzima. Bei ya mahindi, nani kaoa, nani kamkera. Kisha anakwenda zake.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikuwa natazama sakafu.

Niliitisha mkutano wa wazazi kesho yake. Nyanjige alisimama mbele, akaeleza bila kuzunguka. Kukwangua kijiko na kuchanganya na udongo mpya, chumba kinachukua miezi sita kukomaa. Watoto wa pwani hawana miezi sita, mvua bado, joto linapanda. Lakini ukuta mama ukiyeyushwa wote, ukarudi tope, chachu iliyolala humo ndani miaka yote itaamka kwa pamoja. Itatosha vyumba vinne. Vitakauka kwa siku chache.

"Wote?" Mzee Chilongola, mwenyekiti wa kamati ya shule, akauliza. "Hata nusu haiwezekani kubaki?"

"Chachu yenye nguvu iko chini, mzee, kwenye unyevu. Huwezi kutoa chini ukaacha juu. Utaanguka."

Ukumbi ukalipuka. Mzee Chilongola akapiga meza. "Ukuta ule ndio hati yetu! Kesho mtu akija kutuambia sisi wavamizi, tutamwonyesha nini? Tope?" Wengine wakampigia makofi. Kundi la wazazi wa pwani lilikaa nyuma, wamekumbatia mikoba yao. Bahari ilikula mitaa yao, serikali ikawaleta kwetu na malori, na hakuna hata mmoja wao aliyeomba kuja.

Mama yangu hakupiga kelele. Alisimama kwa fimbo yake, akasubiri mpaka watu wakanyamaza wenyewe.

"Mimi mume wangu sijamzika," akasema. "Nina ule mstari. Mkiutaka, mnizike mimi kwanza, halafu mchukue."

Akaketi. Mkutano ukaishia hapo. Kwa cheo, jengo la shule liko mikononi mwangu na ningeweza kuamua siku hiyo hiyo. Lakini jamani, yule ni mama yangu. Nilisema tukwangue kijiko, tuanze na udongo mpya, tuone. Nyanjige alinitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu, akasema sawa Mwalimu, akafanya kazi yake. Tukasimamisha fremu ya mabua, tukatundika nyavu za mkonge, tukapaka mchanganyiko. Kisha akaondoka kwenda mjini kutafuta nyavu zaidi.

*

Sasa ngojeni niwaambie kilichotokea, maana mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Jumatano asubuhi nilifika shuleni nikakuta ukuta wa chumba kipya umenifika kiunoni. Jana yake ulikuwa kifundoni! Nikasugua macho. Nikaugusa: mbichi, laini, umevimba, na ukitega sikio unasikia vipovu ndani vinatoa sauti ndogo ndogo. Saa ya mapumziko watoto walipanga foleni kujipima nao. Walirudi saa ya kwenda nyumbani, umewapita.

"Mwalimu, unaota! Unaota tunaona!"

Alhamisi niliinua mkono sikufika juu. Ijumaa uyoga ulikuwa umeanza kujikunja wenyewe kutengeneza tundu la hewa, sawasawa kama ilivyo kwenye michoro ya Nyanjige. Nilipiga kigelegele, mwalimu mkuu mzima, katikati ya kipindi cha hesabu. Walimu wakatoka madarasani, wapishi wakatoka jikoni. Somoe alikuja na wenzake wa pwani wakasimama wameshikana mikono, na Siwema akauliza atakaa dawati la ngapi. Mzee Chilongola mwenyewe aliuzunguka ukuta mara mbili, akasema, "Mnaona? Mnaona? Na ukuta mama upo pale pale!" Nilimkumbatia. Wote wangepata, hakuna ambaye angepoteza. Nililala usingizi mzito ambao sikuwa nimeulala tangu watoto wale walete mikoba yao.

Jumapili tukiwa kanisani, chumba kikaanguka.

Somoe ndiye aliyesikia, wao nyumba zao ziko nyuma ya shule. Alisema hakikuanguka kwa kishindo, kilikaa chini kama mtu aliyechoka. Tulipofika tulikuta rundo la tope la kijivu, limejaa mapovu, na inzi wa kutosha harusi. Nilifikiria ingekuwa Jumatatu, madawati yamepangwa, watoto wapo ndani. Nikakaa palepale chini.

Nyanjige alirudi Jumatatu. Alichota tope kidogo kwa kidole, akalinusa. Akalinusa tena.

"Nani kapika hapa?"

Watu wakatazamana. Mama yangu, aliyekuwa amesimama pembeni na wanawake wa kanisani kwake, akainua fimbo yake juu kwa fahari.

"Sisi."

"Mlipika nini, bibi?"

"Uji wa ulezi. Wenye sukari na pilipili manga. Kila jioni ndoo tatu. Ukuta mama umejifungua, ninyi mnampa mkojo na maji! Mzazi gani anapewa mkojo? Nani alimlea mzazi hivyo?"

Ningeweza kucheka kama nisingekuwa nataka kulia. Ndiyo kwetu, mwanamke akijifungua majirani wanaleta uji, hakuna mjadala. Mama hakutaka ukuta wake uguswe, basi akamtunza mtoto wa ukuta ili akue haraka. Alifikiri kwa moyo wake wote.

Nyanjige alichuchumaa mbele yake, kwa heshima. "Bibi, shikamoo. Uyoga umeupenda sana uji wako, umenenepa, ndiyo maana ukuta ulipanda. Lakini kunenepa si kukomaa. Na uji ukikaa unafanyaje?"

"Unachacha."

"Umechacha. Na uchachu unakula chokaa. Ile chokaa kidogo iliyokuwa imeanza kushika, uchachu umeila yote."

Mama alishusha fimbo. Alitazama rundo lile muda mrefu, na mimi nikaona anazeeka mbele ya macho yangu. Kisha akageuka, akatembea polepole mpaka kwenye ukuta mama, akageuza mgongo, akaketi chini akiegemea ule mstari mwekundu, miguu ameinyoosha. Aliyajua yanayofuata kabla sijayasema.

*

Nyanjige aliniambia ofisini, mlango umefungwa. "Uchachu huo huo, Mwalimu. Ndio utakaouyeyusha ukuta mama. Maji ya ukwaju yanatosha, chokaa inaachia, chachu inaamka. Kijiko tumeshakitumia, nyavu tunazo. Ukisema leo, Ijumaa watoto wanaingia." Akakivua kipimajoto shingoni. "Na usiposema, Siwema safari nyingine anaweza asiamke. Samahani. Sijui namna nyingine ya kulisema hili."

Niliingia jikoni kwa wapishi mwenyewe, nikachukua ukwaju wote uliokuwa stoo, nikaloweka kwenye ndoo. Nilishaamua. Nilitaka kumchukia mtu na sikumpata wa kumchukia: wilaya wapuuzi, lakini si wilaya waliomweka baba yangu kwenye ule ukuta. Nikabeba ndoo, nikavuka uwanja kwenye lile jua, na shule nzima ikatoka barazani kutazama.

"Mama, ondoka hapo."

"Nimwagie mimi kwanza."

"Mama, usinifanyie hivi mbele ya watoto!"

"Wewe ndiye unafanya mbele ya watoto. Baba yako yuko nyuma yangu hapa. Mwambie yeye."

Nikaanza kulia, ndoo mkononi, kamasi na kila kitu. Nikamwambia kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka kwamba baba ningependa nimjue, kwamba sina hata picha yake, kwamba huo mstari mimi pia ni wangu na nauua kwa mkono wangu, afanye basi isiwe ngumu zaidi. Mama hakusogea.

Ndipo Somoe akafika, amemshika Siwema mkono, na begi kichwani.

"Mwalimu, samahani, nimekuja kuaga. Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Mnakwenda wapi?" mama akauliza kwa ukali.

"Popote penye kivuli. Mtoto huyu simrudishi kwenye lile plastiki."

"Rudini kwenu basi. Mkakae na wazee wenu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Somoe hakukasirika. Akaliteremsha begi, akachuchumaa karibu na mama ili wasikilizane vizuri.

"Wazee wetu wako chini ya maji, bibi. Makaburi yote. Mama yangu alizikwa kando ya kiambaza cha nyumba yetu, sasa hata ukipita hapo na boti hujui kama umepita. Mimi nikimkumbuka sana, natia chumvi kwenye maji ya kunywa, naonja."

"Unaonja?"

"Ndiyo. Sina pa kushika."

Mama alimtazama yule mwanamke. Alimtazama sana, kisha akamtazama mtoto, kisha akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akaupapasa ule ukuta kama anavyopapasa kitanda asubuhi kutafuta kilemba chake. Sijui alimwambia nini baba. Midomo ilikuwa inacheza, ila sauti hakutoa, na ndiyo mara pekee nimemwona akiongea naye kimya kimya.

"Seche," akasema hatimaye. "Kwenye ndoo kuna nini?"

"Ukwaju, mama."

"Umeuchuja?"

"Sijauchuja."

"Mwanamke mzima. Hata ukwaju hujui kuloweka. Uutupe na kokwa zake ukutani, watoto wachomwe miguu?" Akampa Somoe mkono. "Wewe mwenye chumvi, ninyanyue. Lete hiyo kanga yako tuchuje."

Walichuja, wale wawili, wameinama juu ya ndoo, mama akimkosoa Somoe namna anavyokamua. Kisha mama akalichukua kopo, akachota, akamimina mwenyewe kwenye mstari mwekundu. Ukatoa povu. Povu jeupe, kwa sauti, kama soda, na watoto barazani wakasema "Aaaah!" kwa pamoja. Udongo ambao sururu ilikuwa haiuwezi ukalainika, ukateremka taratibu kwenye vidole vya miguu yake. Nilipiga kelele, sijui ya furaha au ya nini, nikamimina ndoo nzima.

Mzee Chilongola alikuja na ndoo yake. Alisimama mbele ya mstari wa baba yake mpaka nikadhani atarudi, halafu akamwaga, akafuta macho kwa mkono wa shati. Baada ya hapo hukuweza kujua nani anamwaga nini. Ukwaju ulikwisha wakaleta ndimu, wakaleta siki, mtu mmoja akaleta togwa iliyochacha na Nyanjige akaikubali huku anacheka na kulia. Ukuta ukakaa chini. Mwekundu ukaingia kwenye mweupe, mweupe kwenye mweusi, na kabla sijatoa ruhusa yoyote watoto wakaruka ndani ya tope, wa Mbwega na wa pwani, sare na yote, wanakanyaga, wanaimba, wanarushiana. Nilifungua mdomo kukemea. Kisha nikavua viatu nami nikaingia. Magoti yakalalamika jioni.

*

Tulijaza nyavu mpaka giza likatuzuia, na asubuhi uyoga ulikuwa umeshaanza kupanda. Nyanjige alilala shuleni siku zote hizo, akilinda mkojo usizidi na akilinda wapika uji zaidi. Jumatano aligonga ukuta kwa kokwa ya ukwaju ukatoa mlio wa jiwe. Alhamisi aliweka kipimajoto chake ndani, akaja kunionyesha mbio, hana hata pumzi: nje arobaini na nne, ndani ishirini na saba.

Ijumaa watoto wa pwani waliingia. Vyumba vilikuwa vya rangi moja, kahawia ya maziwa, pote, huoni mstari hata ukisogeza uso. Siwema alikaa mbele, akaegemeza mgongo wake wote ukutani, akafumba macho. Wenzake wakafanya vivyo hivyo, safu nzima, wameshika madaftari, hakuna anayeandika. Sikuwakemea. Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta baba yangu kwa macho, kona hii na kona ile.

Nikasikia fimbo inagonga kizingiti.

Mama alikuwa amevaa gauni lake la Ijumaa. Alisimama mlangoni, kiganja kimoja amekishainua kwa mazoea, na hakuwa anajua akiweke wapi. Aliangalia ukuta wa kulia. Aliangalia wa kushoto. Nilitaka kwenda kumshika, watoto wakaniwahi.

"Shikamoo bibiii!" darasa zima likaimba.

Mama aliwatazama wote, mmoja mmoja, na migongo yao.

"Marahaba. Msiegemee kwa nguvu. Mume wangu bado hajakauka."

Watoto wa safu ya mbele wakatazamana, kisha wakaitoa migongo yao ukutani, taratibu, kwa adabu.